Viza ya mwenzi Uingereza: chagueni siku ya kutuma, kisha hesabuni kurudi nyuma

Mwongozo huu ni wa wanandoa ambao mmoja anaishi Uingereza na mwenzake yuko huku nyumbani, iwe Tanga, Mombasa, Unguja au Kampala, na wanataka kuishi pamoja kule. Nimepita njia hii kama mwombaji, na tangu hapo ndugu na marafiki wamenionyesha barua nyingi za kunyimwa viza. Kinachoniuma ni kwamba wengi wao ndoa ni ya kweli na kipato kinatosha. Wameangushwa na tarehe. Slipu ya mshahara ya mwezi mmoja haikuwekwa, taarifa ya benki ilichapishwa mapema mno, cheti cha kifua kikuu kiliisha muda wiki moja kabla.

Afisa anayeamua ombi lenu hatawaona, na mara nyingi hata mahojiano hakuna. Hajui mama mkwe alivyokupokea wala usiku mliokesha kwenye simu. Anazo karatasi tu mbele yake, na kila karatasi ina tarehe yake. Ndiyo maana kujaza fomu ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuchagua siku ya kutuma maombi na kuhesabu kurudi nyuma miezi sita, mkijua kila wiki nini kinatakiwa kiwe tayari.

Viwango vya pesa nilivyoandika hapa ni kama vilivyokuwa baada ya mabadiliko ya Aprili 2025. Ada hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo siku ya kulipa thibitisheni kwenye tovuti ya serikali yao, GOV.UK. Huko ndiko kwenye fomu yenyewe pia. Tovuti nyingine yoyote inayowauzia fomu ni ya watu binafsi.

Hatua ya 1: Hakikisheni hii ndiyo njia yenu

Viza ya mwenzi ni ya mtu anayemfuata raia wa Uingereza au Ireland, au mtu mwenye ukaazi wa kudumu. Wako na wengine wachache, kama waliokubaliwa kuwa wakimbizi, ila kundi kubwa ni hao.

Kama mwenzi wako yuko kule kwa viza ya kazi au ya masomo, hii siyo njia yako. Wewe ungeingia kama mtegemezi wake, na kanuni zake ni nyingine. Hapa pana habari ngumu ambayo vishoka wa viza hawaisemi: tangu 11 Machi 2024, wanaopata viza mpya ya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa hawaruhusiwi kuleta mume, mke wala watoto. Na tangu Januari 2024, wanafunzi wengi nao wamefungiwa mlango huo, isipokuwa wa shahada za utafiti kama uzamivu na baadhi ya wenye ufadhili wa serikali. Vijana wetu wengi wameondoka kwa njia hizi mbili. Kama mwenzi wako ni mmoja wao, msimpe mtu hata senti kwa ahadi ya viza ya mwenzi kabla ya kuzungumza na mshauri aliyesajiliwa.

Ushauri wa uhamiaji ndani ya Uingereza unatolewa na mawakili au na watu waliosajiliwa na Immigration Advice Authority, chombo kilichoitwa OISC mpaka Januari 2025. Kutoa ushauri huo bila usajili ni kosa la jinai. Jina la mshauri linatafutwa kwenye orodha yao mtandaoni, bure, kwa dakika mbili.

Hatua ya 2: Ndoa iwe na cheti cha serikali

Kuna viza ya mchumba pia. Inampa mtu miezi sita ya kuingia na kufunga ndoa kule, lakini haimruhusu kufanya kazi, na baada ya ndoa mnalipa tena ada nyingine kubwa. Kwa watu wengi wa kwetu naona heri kuoana nyumbani kwanza, mbele ya wazee, kisha kuomba viza moja. Na wale walioishi katika uhusiano wa namna ya ndoa kwa miaka miwili au zaidi bila kuoana wanaweza kuomba pia. Tangu mwisho wa Januari 2024 si lazima wawe wameishi nyumba moja, ila mzigo wa kuthibitisha ni mzito zaidi.

Tanzania Bara ndoa inasimamiwa na Sheria ya Ndoa ya 1971. Ndoa ya bomani, ya kanisani au ya Kiislamu zote zinatambuliwa, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Kumbukeni taarifa ya kusudio la kuoana hutolewa angalau siku 21 kabla. Mwenzi anayekuja kwa likizo ya wiki mbili anatakiwa awe ameliweka jambo hili sawa kabla hajakata tiketi. Mkishafunga, fuatilieni usajili RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kenya ni Sheria ya Ndoa ya 2014 na ofisi ya Msajili wa Ndoa. Cheti kilichotolewa na msikiti au kanisa peke yake, ambacho hakijafika kwa msajili, ni zawadi nzuri ya kutundika ukutani, lakini kwa afisa wa viza ni karatasi yenye maswali.

Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, wekeni ushahidi kwamba ndoa ile iliisha. Kwa Bara, karatasi ya talaka kutoka kwa sheikh haitoshi, kwa kuwa amri ya kuvunja ndoa hutolewa na mahakama. Mjane anaweka cheti cha kifo. Na kwa wenye ndoa ya wake wengi niseme wazi: Uingereza humruhusu mke mmoja tu kuingia kwa njia hii. Kama mke mwenzio yuko kule au alishapewa viza kwa ndoa ile, ombi lako halitapita.

Sharti jingine ni kuwa mmewahi kukutana ana kwa ana. Simu za video za miaka mitatu haziwezi kuchukua nafasi ya kuonana mara moja uso kwa uso.

Hatua ya 3: Linganisheni majina

Hii wekeni mapema kabisa, maana ndiyo inayokula muda kwenye ofisi zetu.

Chukueni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa (NIDA), pasipoti, cheti cha ndoa na vyeti vya shule. Vipangeni mezani kwa mstari. Someni jina herufi kwa herufi, kisha tarehe ya kuzaliwa. Mtamkuta Mwanaidi kwenye kuzaliwa, Mwanahidi kwenye pasipoti, na Mwanaidi Juma Said kwenye cheti cha ndoa wakati pasipoti ina majina mawili tu. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Mtu aliyekaa ofisini Sheffield hajui.

Tofauti ndogo ya tahajia hufungwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, ikitaja majina yote na kusema ni ya mtu huyo huyo. Jina lililobadilishwa kabisa linahitaji kusajiliwa rasmi. Kama kosa liko kwenye pasipoti, mimi ningeomba pasipoti mpya kabla ya lolote, kwa sababu viza, mtihani wa Kiingereza na cheti cha kifua kikuu vyote vitabeba jina la pasipoti. Kubadilisha pasipoti katikati ni kujitafutia kazi mara mbili.

Hati yoyote ambayo haiko kwa Kiingereza inatakiwa ifasiriwe yote, bila kuruka mhuri wala maandishi ya pembeni. Mfasiri athibitishe kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, saini na anwani. Tanzania, BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya kazi hii na mhuri wake unaheshimika.

Jambo moja la kuwapunguzia gharama: viza hii haidai cheti cha tabia njema kutoka polisi. Marekani na Canada wanakidai, ndiyo maana watu hukimbilia kukitafuta.

Hatua ya 4: Kipato cha aliyeko Uingereza

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tangu 11 Aprili 2024 mwenzi aliyeko Uingereza anatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kukatwa kodi. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa 18,600, na kilidumu tangu 2012. Ni mruko mkubwa, na umewaumiza watu wa mishahara ya kawaida. Kwa mwezi ni kama pauni 2,417. Kwa maombi mapya, idadi ya watoto haiongezi kiwango hicho.

Mshahara wa mwombaji aliyeko Dar au Nairobi hauhesabiwi, hata akiwa meneja wa benki. Ahadi ya kazi kule nayo haihesabiwi. Kutoka upande wenu wa huku vinaweza kuhesabiwa vitu kama kodi ya nyumba mnayopangisha, ikiwa na mikataba na taarifa za benki, na akiba.

Kwa mwajiriwa aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi sita au zaidi, vielelezo ni vitatu, na vinatakiwa kukubaliana hadi senti:

Slipu za mshahara za miezi sita mfululizo kabla ya siku ya kutuma.

Taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, zikionyesha mshahara ule ule ukiingia.

Barua ya mwajiri inayotaja kwamba mtu huyo ni mwajiriwa wao, mshahara wake wa mwaka kabla ya makato, ameanza lini, amekuwa akilipwa kiwango hicho tangu lini, na kama ajira ni ya kudumu, ya mkataba wa muda au kupitia wakala.

Hilo la mwisho husahaulika sana. Idara ya rasilimali watu ina barua yake ya kawaida ya mistari mitatu, nayo haitaji aina ya ajira. Waandikie orodha ya mambo hayo, waombe barua iyafuate moja baada ya jingine.

Kwa mwenye mshahara uliopangwa, afisa huangalia kiwango cha chini kabisa alicholipwa ndani ya miezi sita. Tuseme bwana analipwa pauni 2,300 kwa mwezi, mwezi wa nne akapandishwa hadi 2,500. Leo anasema anapata 30,000 kwa mwaka, na ni kweli. Lakini akituma maombi mwezi wa sita, ndani ya zile slipu bado kuna za 2,300, na 2,300 mara 12 ni 27,600. Angengoja hadi miezi sita ipite tangu nyongeza, pasingekuwa na neno. Tofauti kati ya viza na barua ya kunyimwa hapo ni miezi michache tu ya subira.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwenzi aliyeko kule asibadilishe kazi katika kipindi hiki kama anaweza kuvumilia. Aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri mpya hupimwa kwa utaratibu mwingine unaorudi nyuma miezi 12. Anayejiajiri, kama dereva wa teksi au mwenye saluni, hupimwa kwa mwaka mzima wa fedha uliokamilika, na mwaka wa kodi wa Uingereza huanza 6 Aprili. Huyo anahitaji mhasibu mzuri kuliko anavyohitaji wakili.

Kama kipato hakifiki, akiba inaweza kuziba. Hesabu yake ni pauni 16,000 kwanza, halafu mnaongeza pengo la kipato mara 2.5. Mwenye mshahara wa 25,000 ana pengo la 4,000. Mara 2.5 ni 10,000, jumla akiba ya 26,000. Asiye na kipato chochote anahitaji 88,500. Pesa hizo ziwe zimekaa kwenye akaunti yenu, ya mmoja au ya wote wawili, kwa miezi sita kamili, na ziwe pesa ambazo mkitaka mngeweza kuzifikia wakati wowote. Zisiwe za mkopo. Zawadi inakubalika, na michango ya harusi ni zawadi, mradi imeingia benki na kutulia miezi sita, na mwenye kuitoa aandike barua. Pesa iliyoingizwa wiki mbili kabla kwa kuazima kwa shemeji inajulikana mara moja. Kiwanja nacho hakihesabiwi mpaka kiuzwe. Na anayejiajiri haruhusiwi kuchanganya kipato chake na akiba.

Kuna wanaosamehewa kiwango cha 29,000: mwenzi aliyeko kule akiwa anapokea baadhi ya malipo ya ulemavu au ya kumtunza mgonjwa, kama Personal Independence Payment au Carer's Allowance, hupimwa kwa kipimo chepesi zaidi. Nawafahamu watu waliokata tamaa bila kujua hili.

Hatua ya 5: Nyumba

Si lazima iwe yenu. Chumba kimoja chenye nafasi kinatosha, mradi ni chenu peke yenu na nyumba haijazidi idadi ya watu inayoruhusiwa kisheria. Wekeni mkataba wa kupanga, barua ya mwenye nyumba akikubali mtu wa pili kuingia, na bili moja au mbili. Mnaokaribishwa kwa dada au mjomba, yeye aandike barua ikitaja vyumba vingapi na nani wanalala wapi, na aambatanishe hati ya nyumba au mkataba wake.

Hatua ya 6: Uthibitisho kwamba ninyi ni mume na mke

Watu hufikiri wingi ndio utakaowaokoa. Wanachapisha mazungumzo ya WhatsApp kurasa mia nane na kuyapakia yote. Hakuna atakayeyasoma. Zaidi ya hapo, mnazungumza Kiswahili, na maandishi ya Kiswahili msiyoyafasiri hayana nguvu yoyote mbele ya afisa.

Fanyeni hivi. Gaweni uhusiano wenu kwa miezi tangu mlipojuana hadi leo, kisha kwa kila kipindi cha miezi miwili au mitatu chagueni kitu kimoja au viwili. Mazungumzo mnayoyachagua yawe ya maisha, ya watu wanaobeba mzigo mmoja. Ukurasa ambapo mke anaandika "Mama amelazwa, daktari anataka laki tatu kabla ya upasuaji", mume anajibu "Natuma sasa hivi, usimwambie baba kwanza", na dakika ishirini baadaye risiti ya pesa inaonekana, una thamani kuliko mamia ya "nakupenda" na picha za maua. Ufasirini huo. Uwekeni sambamba na taarifa ya M-Pesa ya siku hiyo, jina na kiasi vikionekana.

Mengine yanayosaidia: tiketi na vipande vya kupandia ndege, mihuri ya pasipoti ya kila alipokuja, risiti za hoteli au nyumba mlimokaa, kumbukumbu za simu kutoka kwenye programu mnayotumia, na picha chache. Picha ziwe kumi na tano au ishirini, kila moja na maelezo mafupi chini yake: tarehe, mahali, nani ni nani. Picha ya posa ikiwa na wazee wa pande zote mbili inasema mengi. Kwa ndoa ya Kiislamu, picha ya walii akipeana mkono na bwana harusi, na mahari ikitajwa kwenye cheti. Wenye mahari ya ng'ombe, barua ya wazee ikieleza makubaliano, iliyofasiriwa.

Kisha kila mmoja aandike barua yake kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu au miwili. Aeleze walivyokutana, nani aliwaunganisha, walivyoamua kuoana, mara walizoonana, wanavyosaidiana wakiwa mbali, na mipango yao ya kuishi. Aandike mwenyewe. Barua zilizonunuliwa zinafanana maneno, na afisa amezisoma nyingi. Baada ya kuandika, zisomeni pamoja kwa simu ili tarehe zilingane. Kama yeye anasema mlijuana Machi na wewe unasema Mei, mtafuteni ukweli kwenye mazungumzo yenu ya zamani.

Jambo la aibu ya familia, kama tofauti kubwa ya umri, ndoa iliyofungwa haraka, au wazazi wa upande mmoja kutohudhuria, lielezeni wenyewe kwa sentensi mbili za kweli. Mkilinyamazia, afisa atalijaza kwa dhana yake. Na viza yoyote uliyowahi kunyimwa, iwe ya Uingereza, Schengen au Marekani, itaje kwenye fomu. Kunyimwa hakukuharibii. Kuficha au kuweka karatasi ya kughushi kunaweza kukufungia Uingereza kwa miaka 10.

Hatua ya 7: Kiingereza na kifua kikuu

Kiingereza kinachotakiwa wakati wa kuingia ni cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, kuongea na kusikiliza tu. Ni mazungumzo mafupi: jina lako, familia, ununuzi, hali ya hewa. Mtihani uwe ule unaokubaliwa na uhamiaji, kwa mfano IELTS Life Skills A1, katika kituo kilichoidhinishwa. Watu hulipia IELTS ya kawaida, ya kuombea chuo, ambayo ni ghali na ngumu zaidi, halafu inakataliwa. Matokeo hudumu miaka miwili, kwa hiyo fanyeni mapema. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza, kama nyingi za vyuo vyetu, anaweza kutumia shahada hiyo badala ya mtihani, akipata uthibitisho kutoka Ecctis, shirika la Uingereza linalothibitisha vyeti vya nje. Aliyefikisha miaka 65 amesamehewa.

Bibi au shangazi mwenye wasiwasi na Kiingereza nimwambie hivi: anza mwezi wa kwanza, nusu saa kila siku, na mumeo awe anakupigia simu na kuongea Kiingereza tupu dakika kumi. Ni mtihani unaopitika.

Kipimo cha kifua kikuu kinahitajika kwa anayeishi Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo. Aliyeko Muscat au Dubai aangalie orodha ya nchi anayoishi, maana kinachotazamwa ni mahali ulipokaa miezi ya karibuni, hata pasipoti iwe ya wapi. Kipimo ni picha ya kifua kwenye kliniki iliyoidhinishwa tu, na hospitali nyingine, hata iwe kubwa vipi, cheti chake hakikubaliki. Cheti hudumu miezi sita. Picha ikiwa na doa lisiloeleweka, watapima makohozi, na majibu yake yanaweza kuchukua hadi wiki nane. Kwa hiyo nendeni kama miezi mitatu kabla ya kutuma: si mapema kiasi cha cheti kuisha, wala si kwa kuchelewa kiasi cha kukosa muda wa makohozi. Mjamzito awaambie mapema. Atachagua kupigwa picha akiwa amekingwa tumbo, kupimwa makohozi, au kusubiri hadi ajifungue.

Hatua ya 8: Kalenda

Tuseme mmechagua 1 Oktoba kuwa siku ya kutuma.

Aprili: slipu ya kwanza inaanza kuhesabiwa. Majina yanarekebishwa, cheti cha ndoa kinafuatiliwa, akiba kama ipo imeshaingia na haiguswi.

Mei na Juni: mtihani wa Kiingereza. Barua ya mwenye nyumba inaombwa.

Julai, mwanzoni: kipimo cha kifua kikuu. Tafsiri zinapelekwa.

Agosti: barua zenu mbili, picha, mazungumzo, miamala. Haya yanachukua muda kuliko mnavyodhani.

Septemba: barua ya mwajiri na taarifa ya mwisho ya benki. Taarifa ya benki isiwe ya zaidi ya siku 28 kabla ya kutuma, yaani isiwe ya kabla ya 3 Septemba. Slipu ya Septemba ikitoka, mnafunga faili.

Siku ya kutuma ni siku mnayowasilisha fomu mtandaoni na kulipa, na umri wa hati unahesabiwa kwa siku hiyo. Msilipe halafu ndipo mwanze kutafuta karatasi.

Hatua ya 9: Kulipa na kwenda kituoni

Ada ya maombi kutoka nje ilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna ada ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miezi 33 inatozwa ya miaka mitatu: 3,105. Jumla 5,043, kabla ya mtihani, kipimo na tafsiri. Viza ikikataliwa, ada ya afya inarudishwa, ada ya maombi hairudi. Mtoto wa mwombaji ana fomu yake na ada zake, na kama ni wa uhusiano wa zamani, andaeni ushahidi wa nani hasa anamlea, pamoja na ridhaa ya mzazi mwingine.

Pakieni hati zikiwa zimepewa majina yanayoeleweka, kila fungu na orodha yake mwanzoni. Skani iwe ya rangi, pembe zote zikionekana. Kisha mwombaji anakwenda kituo cha viza kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Pale hamna wa kumweleza kisa chenu. Wafanyakazi wa kituo hawaamui chochote, na yeyote anayekunong'oneza kwamba anaweza kusukuma faili anakudanganya.

Hatua ya 10: Kusubiri, na majibu

Muda wa kawaida ni wiki 12. Msikate tiketi wala kuacha kazi. Endeleeni kutunza slipu na mazungumzo ya miezi ya kusubiri, mkihitaji kujibu swali mtakuwa nayo.

Mkikataliwa, someni barua mara mbili kabla ya kumpigia mtu. Angalieni sababu moja moja. Mna siku 28 tangu kupokea uamuzi kukata rufaa mahakamani Uingereza, kwa ada ya pauni 80 kama itaamuliwa kwa karatasi, au 140 kwa kusikilizwa. Kama kosa ni la hati iliyokosekana na sasa mnayo, kuomba upya mara nyingi ni haraka kuliko rufaa. Kama afisa amesema ndoa si ya kweli, au amewatuhumu kudanganya, kateni rufaa na tafuteni wakili, kwa sababu neno hilo litabaki kwenye faili na kuwafuata kila mnapoomba.

Mkikubaliwa, fungueni akaunti ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, maana kibali siku hizi ni cha kidijitali. Mwombaji ataruhusiwa kufanya kazi na kutibiwa NHS, huduma ya afya ya umma ya kule, lakini hataruhusiwa kupokea ruzuku za serikali. Viza itahuishwa kabla ya miezi 33 kwisha, na hapo Kiingereza kitakuwa A2, na ushahidi mkuu utakuwa kwamba mnaishi nyumba moja. Kwa hiyo mwezi ule ule wa kufika, jina la mgeni liingizwe kwenye kodi ya halmashauri na bili ya umeme, ajiandikishe kwa daktari, afungue akaunti ya benki kwa anwani ile. Barua zinazofika zikiwa na majina yenu na anwani hiyo, kutoka taasisi tofauti, ziwekeni kwenye bahasha moja kila miezi minne, mkizipanga kwa mwaka na mwezi.